Usikwangue kutu ya nakago: jibu kuhusu upanga mfupi wa Kijapani na mapambo yake

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, sasa naishi London. Mwezi uliopita nilinunua mnadani upanga mfupi wa Kijapani. Makali yake yana urefu wa sentimita 47, ala ni nyeusi, na mpini umefungwa kamba ya hariri iliyochakaa. Nilipoutoa mpini nilikuta chuma cha ndani kina kutu tupu, mashimo mawili na maandishi. Rafiki yangu anayejua Kijapani anasema yanasomeka Hizen no Kuni Tadayoshi. Mtu mmoja anataka kununua kwangu kile kisahani cha kukinga mkono peke yake. Je, nisafishe kutu? Nimuuzie kisahani? Naweza kuupaka upanga mafuta ya karafuu ya kwetu? Na nikitaka kuanza kukusanya panga hizi, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na kutu, maana hapo ndipo watu wanapoharibu mali isiyorudi. Usiikwangue, usiipake siki wala ndimu, usiipitishie msasa wala brashi ya waya. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha, na hata hicho kwa mkono mwepesi.

Sehemu ile ya chuma inayojificha ndani ya mpini Wajapani wanaiita nakago. Mhunzi huiacha bila kung'arishwa kwa makusudi, na mng'arishaji anayefuata naye haigusi, hata upanga ukinolewa mara 10 katika maisha yake. Kwa hiyo kutu hukaa pale vizazi kwa vizazi mpaka ikawa kama ngozi ya chuma chenyewe. Mjuzi anasoma umri humo. Nakago ya miaka 300 ina weusi wa kahawia kama tende iliyokauka, ni laini ukiipapasa, na kutu imeingia mpaka chini kabisa ya mifereji ya herufi. Kutu changa ina rangi ya udongo mwekundu na inabaki kidoleni. Mghushi naye anajua haya, basi hupika kutu kwa tindikali, lakini ya kwake hukaa juu juu kama vumbi lililogandishwa, na chini ya kioo cha kukuzia kingo za herufi zinaonekana bado mpya.

Tanto ya kwanza niliyonunua, kisu cha Kijapani cha chini ya sentimita 30, ilikuwa na makali mazuri ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasikitika. Muuzaji alikuwa ameisugua nakago ikang'aa kama kijiko, akidhani ananifanyia hisani. Niliipeleka kwa wazee watatu wanaojua kazi hii. Kila mmoja aliyatazama makali muda mrefu, akayasifu, akaomba kuutoa mpini, kisha akanirudishia bila neno. Kilichokuwa kithibitishe maneno yao ya sifa kilikuwa kimeshafutwa.

Sasa tuutazame upanga ulionao. Upanga wenye makali kati ya sentimita 30.3 na 60.6 unaitwa wakizashi. Vipimo hivi si vya kubuni: shaku moja ya Kijapani ni sentimita 30.3, na wakizashi ni wa kuanzia shaku moja hadi mbili. Ukizidi hapo ni katana, ukipungua ni tanto. Katika zama za Edo, 1603 hadi 1868, samurai alivaa panga mbili kiunoni, mrefu na mfupi, na jozi hiyo ilikuwa alama ya tabaka lake. Lakini mfupi haukuwa wake peke yake. Wafanyabiashara na watu wa mjini waliruhusiwa kuuvaa, hasa safarini, na wale wenye fedha walishindana kwa mapambo yake. Ndiyo sababu wakizashi ni wengi sana sokoni leo na bei yake huwa chini ya katana ya ubora uleule. Kwa anayeanza, hii ni neema: anaweza kupata kazi ya fundi hodari kwa fedha ambayo katika panga ndefu ingempatia kitu cha kawaida tu.

Tuje kwenye jina. Tadayoshi wa kwanza alikuwa mhunzi wa Saga katika jimbo la Hizen, kisiwani Kyushu, akiwatumikia mabwana wa ukoo wa Nabeshima. Mwaka 1596 walimpeleka Kyoto akajifunze kwa Umetada Myoju, akarudi na kuanzisha ukoo wa wahunzi uliodumu mpaka mwisho wa zama za samurai. Alifariki mwaka 1632. Mwanawe alitia sahihi kwa jina la Tadahiro, kisha mjukuu akarudia Tadayoshi, na waliofuata nao wakalitumia. Kwa hiyo hata kama sahihi yako ni ya kweli, swali linabaki: ni Tadayoshi yupi?

Na huenda si ya kweli. Nakuambia hivi bila kukuvunja moyo. Sahihi ya uongo inaitwa gimei, na majina makubwa yalighushiwa tangu enzi za wahunzi wenyewe, wakati mwingine ili zawadi ya mtu mkubwa ionekane ya heshima zaidi. Jina la Kotetsu, mhunzi wa mji wa Edo (Tokyo ya leo) wa karne ya 17 aliyeanza kazi kama mfua deraya, limeghushiwa mno hata mkusanyaji akiliona, wazo lake la kwanza huwa ni kutilia shaka. Tadayoshi hayuko mbali naye. Ndiyo maana sisi tunafundishwa kusoma sahihi mwisho kabisa. Kwanza umbo la upanga, pili chuma, tatu mstari wa makali, kisha nakago, ndipo jina. Vyote vikisema Hizen, jina linapokea ushuhuda. Visiposema, jina linabaki kuwa mikwaruzo ya patasi.

Chuma cha Hizen kina alama yake. Chukua taa moja yenye mwanga mkali, zima nyingine zote chumbani, shika upanga ukielekeza ncha kwenye taa, kisha uugeuze polepole mpaka mwanga uteleze juu ya uso wake. Kama mng'aro wa zamani haujafa, utaona chembechembe ndogo mno zilizosongamana sawasawa. Wajapani wanaziita konuka, yaani pumba za mchele, na mtu aliyewahi kupepeta mchele kwenye ungo atazitambua mara moja: ule unga laini unaobaki chini. Zinatokana na kukunja na kufua chuma mara nyingi, chuma kilichoyeyushwa kutoka mchanga wa chuma kwa makaa ya kuni. Usipoziona, usikate tamaa. Mng'aro uliochoka au kutu ya juu inaweza kuzifunika.

Kisha tazama mstari mweupe unaofuata makali. Unaitwa hamoni, na huo ndio moyo wa kazi yote. Mhunzi huupaka upanga udongo, mzito mgongoni, mwembamba kwenye makali, huupasha moto mpaka ufikie rangi anayoijua yeye gizani, halafu huutumbukiza majini. Makali yanapoa ghafla na kuwa magumu sana. Mgongo unapoa taratibu na kubaki na ustahimilivu. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili ndio hamoni, na katika pigo hilohilo upanga hujipinda wenyewe zaidi. Hamoni ya kweli ina uhai ndani: punje zinazometa kama nyota, ukungu, nyuzi zinazoingia na kutoka. Hamoni iliyochorwa kwa tindikali kwenye upanga wa bandia ni nyeupe tu, bapa, kama chokaa ukutani. Mafundi wa Hizen walipenda hamoni iliyonyooka, tulivu, yenye ukungu wa upana ulio sawa tangu mwanzo hadi nchani. Kama ya kwako inarukaruka kwa vurugu, usikimbilie kuukataa, ila ongeza tahadhari.

Ukiwa na taa yako hapo, fuata makali yote kidogo kidogo ukitafuta ufa mwembamba kama unywele uliokata makali kwa mkingamo. Huo ni hagire. Upanga wenye hagire, kwa mkusanyaji, umekwisha, hata jina likiwa la nani. Makovu mengine, kama kijishimo kidogo au kukunjuka kwa chuma mahali pamoja, ni ya kuvumilika katika kitu cha karne nyingi.

Mashimo mawili katika nakago yana maelezo mawili ya kawaida. Ama upanga ulibadilishiwa mpini, shimo jipya likatobolewa mahali palipoufaa, ama ulifupishwa. Panga za Kijapani hufupishwa kwa nyuma, kamwe si kwa mbele, kwa sababu ncha ina ugumu wake wa motoni na haiwezi kutengenezwa upya. Mfupishaji hukata mwisho wa nakago na kupandisha mwanzo wa mpini, na mara nyingi sahihi huondoka na kipande kilichokatwa. Katana nyingi ziligeuzwa wakizashi hivyo. Kwa hiyo angalia jina lako liko wapi ukilinganisha na shimo la chini, ambalo kwa kawaida ndilo la zamani zaidi. Sahihi ikikaa sawia na shimo la juu ambalo ni jipya, hapo pana mgogoro unaohitaji jicho la mtu aliyezishika nyingi.

Sasa kile kisahani. Kinaitwa tsuba, na nakuomba usikiuze bado.

Mapambo ya upanga huu ni familia. Kuna tsuba, kuna fuchi, pete ya mpini upande wa tsuba, kashira, kofia ya mwisho wa mpini, menuki, vijisanamu viwili vilivyofungwa chini ya kamba pande mbili, na kwenye wakizashi wengi kuna kozuka, mpini wa kijikisu kinachochomekwa ubavuni mwa ala. Chini ya kamba ile iliyochakaa kuna ngozi ya taa, yule samaki bapa tunayemjua pwani, ngozi yake yenye chembe nyeupe ngumu zinazozuia kamba isiteleze. Tazama vitu hivi vyote pamoja. Je, vina mandhari moja? Mawimbi kwenye tsuba na mawimbi kwenye fuchi? Simba huku na maua ya peoni kule, ambavyo katika sanaa ya Kijapani huenda pamoja? Kama seti imetoka mkono mmoja, kuitoa tsuba ni sawa na kuuza mlango mmoja wa jozi ya milango ya Unguja. Mnunuzi anayeijua kazi hii anaijua seti kabla yako, na ndiyo sababu anauliza kipande kimoja.

Utengano huu ulianza zamani. Mwaka 1876 serikali ya Meiji, iliyofuata zama za Edo, ilipiga marufuku kuvaa panga hadharani, na karibu kazi yote ya mafundi hawa ikakosa wateja kwa mpigo mmoja. Mapambo yalibanduliwa kwenye panga na kusafirishwa Ulaya na Marekani kama vitu vya kupendeza, tsuba kwa masanduku. Fundi bora wa wakati huo, Kano Natsuo, alikuwa ameshapewa kazi ya kuchonga mihuri ya sarafu mpya za serikali, na mwaka 1890 akawa profesa katika shule ya sanaa ya Tokyo. Wenzake wengi hawakuwa na bahati hiyo. Mimi kila ninapoona fuchi na kashira peke yake kwenye kisanduku, bila upanga, ninaona mwisho wa riziki ya mtu.

Metali zenyewe zinastahili kioo cha kukuzia. Kama fuchi yako ni nyeusi yenye kivuli cha buluu, kama manyoya ya kunguru juani, huenda ni shakudo: shaba iliyochanganywa dhahabu kidogo, sehemu chache tu katika 100, kisha ikachemshwa katika maji ya chumvi za shaba mpaka ikageuka. Weusi ule si rangi iliyopakwa, ni ngozi nyembamba ya metali yenyewe. Ya kijivu ni shibuichi, shaba na fedha, na jina lake maana yake ni robo moja. Ukiisugua shakudo kwa dawa ya kung'arishia shaba utaipata shaba nyekundu chini, na umemuua fundi mara ya pili. Ukiona uso uliojaa vitone vidogo vya duara, hiyo ni nanako, mayai ya samaki. Kila kitone kimepigwa kwa mkono kwa patasi yenye ncha ya kikombe, mstari baada ya mstari, na chini ya kioo kila kimoja kinasimama na kivuli chake. Kwenye nakala zilizomiminwa katika kalibu vitone vinaungana na kulegea kama uji uliopoa. Ukoo wa Goto, ulioanzishwa na Goto Yujo katika karne ya 15, uliwatumikia watawala kwa kazi ya namna hii kwa vizazi vingi, na ni mahali pazuri pa kuzoeza jicho kabla ya kununua chochote.

Kama tsuba yako ni ya chuma, kanuni ni tofauti kidogo. Kutu nyekundu inayokula chuma inaweza kuondolewa, lakini kwa kipande cha pembe ya ng'ombe au mfupa kilichochongwa, ukikwangua kidogo kidogo kwa majuma, kisha ukasugua kwa kitambaa cha pamba mpaka weusi urudi. Wajapani wa zamani walitumia pembe ya ndovu. Hatuna haja nayo. Hakuna tindikali, hakuna waya. Na vipande vya shaba vilivyobanwa kwenye tundu la katikati usivitoe ukidhani ni uchafu: viliwekwa ili tsuba ikae sawa kwenye upanga, na vinakuambia kuwa ilivaliwa kweli.

Kuhusu karafuu umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani. Mafuta ya asili ya panga za Japani yanaitwa choji, na choji ni karafuu hiyohiyo. Lakini ni mafuta mepesi yaliyotiwa karafuu kidogo, zaidi kwa harufu. Mafuta yetu ya Pemba yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka makonyo na majani ni makali mno. Yaache kwa meno. Tumia mafuta mepesi safi ya madini, matone mawili kwenye karatasi laini, upitishe mara moja kuanzia mwanzo wa makali kwenda nchani, ukiwa umeshika kwa upande wa mgongo, ubaki utando usioonekana kwa urahisi. Usiyaguse makali kwa kidole, maana chumvi ya jasho huacha alama ya kidole iliyochorwa kwa kutu kabla ya juma kwisha. Na kama una ndoto ya kuutundika ukutani nyumbani Unguja, iache. Upepo wa bahari ulioozesha bawaba zetu za milango hautauonea huruma upanga.

Mimi nilikua kwenye nyumba yenye jambia, na labda wewe pia. Huko wajuzi hutazama kwanza mpini na kazi ya fedha kwenye ala, makali hufuata. Kwa Wajapani makali na mapambo vina maisha mawili: makali ya karne ya 16 yanaweza kuvaa mapambo ya karne ya 19, na hakuna aliyedanganywa. Mkusanyaji mwenye busara huhifadhi makali katika ala nyeupe ya mti wa magnolia, iliyogandishwa kwa gundi ya wali ili iweze kupasuliwa na kusafishwa ndani, na mapambo yote huyafunga juu ya upanga wa mbao ili yakae pamoja. Ukipata fedha ya ziada, hii ndiyo matumizi yake ya kwanza, kabla hujawaza kununua upanga wa pili.

Ukiuliza uanzie wapi, anza kwa kuona. Uko London: nenda makumbusho ya Victoria and Albert, nenda British Museum, panda treni mpaka Oxford uone tsuba za makumbusho ya Ashmolean. Katika mikutano ya To-ken Society, chama cha wapenzi wa panga za Kijapani, wanachama huleta panga zao mezani na unaruhusiwa kuzishika. Saa moja pale ina faida kuliko mwaka mzima wa picha. Ukianza kununua, nunua upanga wenye hati ya NBTHK, jumuiya iliyoundwa Japani mwaka 1948 kulinda sanaa hii. Hati zao hupanda kutoka Hozon, kwenda Tokubetsu Hozon, kisha Juyo na Tokubetsu Juyo. Hati zao za mtindo wa kale, zilizokoma mwaka 1982, hazibebi uzito uleule. Bei isipande kwa ajili yake. Ukinunua kutoka Japani, muuzaji lazima aombe kibali cha kuutoa upanga nchini, na cheti chake cha usajili hubaki huko. Kwa Uingereza, sheria ya mwaka 2008 inahusu panga zilizopinda za sentimita 50 na kuendelea. Wako uko chini ya hapo, lakini bado si kitu cha kubeba barabarani.

Kumpa mng'arishaji upanga wako ni jambo la baadaye sana. Kila mng'aro unakula chuma, na mng'arishaji aliyefunzwa anatoza fedha ambayo mara nyingi inazidi bei ya upanga wa kawaida. Fundi wa mtaani mwenye mashine ya kunolea usimwonyeshe hata ala.

Nitumie picha za nakago pande zote mbili, bila mwako wa kamera, taa ikiwa ubavuni ili herufi zitoe kivuli, na utepe wa kupimia kando yake. Kisha fuchi, kashira, menuki na tsuba vikiwa vimepangwa pamoja kwenye kitambaa cheupe. Unaporudisha mpini, angalia kijiti cha mwanzi kinachoushikilia, mekugi: kina upande mnene na upande mwembamba, na kinaingia kwa upande mwembamba. Kikiwa kimepasuka, chonga kingine kutoka mwanzi mkavu wa zamani. Usiweke msumari.